Dereva wa Lori Jekundu

Baridi ya Julai hapa Uyole, Mbeya, haina utani. Jana usiku tulikuwa watatu chini ya blanketi: mimi, mwanangu wa miaka tisa, na sufuria ya viazi. Rafiki yake wa shule kamjazia filamu kwenye flashi, na katika zote hizo akaiangukia ile ambayo mwaka 2009 niliapa sitaitazama tena, Transformers: Revenge of the Fallen, ya maroboti yanayojigeuza magari. Sikumwambia kitu. Nilimenya kiazi nikanyamaza.

Mwaka ule niliionea kibanda umiza, Mwanjelwa, ile ya kutafsiriwa, sauti ya mtafsiri imefunika sauti zote. Nilitoka kichwa kinaniuma, sijui nani kampiga nani wala Misri tumefikaje. Lawama zote nikamtupia mtafsiri: huyu bwana kachoka, anabuni tu. Jana nimeisikia kwa sauti zake zenyewe, na namwomba radhi popote alipo. Alijitahidi mno. Cha kutafsiri hakikuwepo.

Baba mdogo alikuwa mtu wa reli, TAZARA, na kila akirudi kutoka Kapiri Mposhi begi halikukosa kitu. Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alitoa mkanda wa video. Deki ilikuwa moja kota nzima, kwa hiyo sebuleni tulijazana hadi mlangoni. Ilikuwa filamu ya katuni ya mwaka 1986, ile ya akina Optimus Prime. Kiingereza chetu kiliishia kwenye kumsalimia mwalimu, lakini nani alihitaji Kiingereza? Lori jekundu linasimama, kichwa kinajikunja, mikono inachomoka ubavuni, miguu inanyooka, na huyo hapo kasimama. Kila hatua uliiona kwa macho yako.

Kesho yake tukaingia kazini. Kaka yangu alikata kopo la mafuta ya kula akapata kichwa cha lori, mimi nikakunja waya wa chasi. Matairi tulichonga kwenye ndala zilizokatika. Kazi ilikuwa kwenye kiuno: pale tulifunga vipande vya tyubu ya baiskeli, ukivuta kichwa nyuma mikono miwili ya waya inafunguka yenyewe. Yaani, siku ya tatu ilifunguka yenyewe. Siku mbili za kwanza ilimchana kaka kidole gumba, na kovu analo mpaka leo. Lile roboti lilisimama wima kwa kuegemea ukuta, basi, lakini lilisimama.

Jioni tulikwenda kukaa kando ya barabara kuu ya Zambia, pale Iyunga, tukiyasubiri masemi. Sheria yetu ilikuwa moja: jekundu lenye uso bapa ndilo Optimus. Yenye pua ndefu hatukuyahesabu, hata yawe mekundu kama damu. Sasa fikiria nilivyojisikia nilipomwona Optimus wa filamu hizi amepewa pua, tena na michoro ya moto ubavuni. Nasikia walitaka lori kubwa zaidi ili roboti lipate umbo. Bumblebee naye, roboti mwenzake, aliyekuwa Volkswagen ya mgongo wa kobe, kageuzwa Camaro, gari la michezo.

Ukubwani ndipo nilipojua kwamba vitu vya kuchezea ndivyo vilivyotangulia. Vilitengenezwa Japani na Takara, Hasbro ya Marekani ikavichukua, na katuni ya mwaka 1984 ikaja kuviuza. Tangazo la biashara, kwa kifupi. Mimi halijaniuma hata kidogo. Kitu cha kukunjwa na vidole vya mtoto lazima kikunjike, na ndiyo maana hata sisi wa waya na ndala tuliweza kukiiga.

Jana nimejaribu kutafuta hicho kiuno cha tyubu kwenye filamu hii ya karibu saa mbili na nusu, sikukiona. Roboti likigeuka, vyuma elfu vinazunguka kama karanga kwenye kikaango, halafu ghafla limeshageuka. Wakishikana ni kijivu juu ya kijivu, hujui mkono wa nani umeng'oka. Pambano la msituni nalisamehe. Pale Optimus anapigana na watatu peke yake, na adui yake mkuu, Megatron, anamchoma kwa nyuma, hata viazi tuliviacha. Lakini baada ya hapo ni matani ya chuo, na yale maroboti mapacha mawili, Skids na Mudflap, jino la dhahabu, lafudhi ya mtaani ya Wamarekani weusi, hawajui kusoma. Mwanangu alicheka sana. Mimi nilijua ni nani hasa anachekwa pale, ila nilishindwa kumweleza huku kashika tumbo. Kisha watu wanatoka kwenye mapiramidi kwenda Petra, Jordan, kwa gari, kana kwamba ni Mwanjelwa na Mbalizi.

Mgomo wa waandishi wa Hollywood, ule wa Novemba 2007 hadi Februari 2008, uliukuta muswada haujaiva, na mwongozaji Michael Bay mwenyewe alikuja kukiri kwamba uliwaumiza. Sawa. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 800, ikapewa na Razzie, tuzo ya kejeli, ya filamu mbovu kuliko zote za mwaka. Optimus akafufuliwa, maana katika filamu hii kufa ni kama kukatika umeme, utarudi tu.

Kwenye ule mkanda wa baba mdogo alikufa kweli. Nyekundu ikamtoka, buluu ikamtoka, akabaki kijivu kama jivu la jikoni. Tulilia watoto wote. Katikati ya kile kilio mama mdogo akatokea jikoni, mwiko mkononi, akaitazama runinga, akauliza: "Na dereva wake je?"

Leo asubuhi nikampigia simu, yuko Tukuyu siku hizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi mnaionaje huko?"

Nikamweleza tulichokuwa tunatazama. Nilidhani amesahau.

"Lile lori lililokufa? Yule dereva wake walimpata?"

Mwanangu akaninyang'anya simu. "Bibi, lile halina dereva. Linajiendesha."

Kimya kidogo. Nikasikia kuku wake wanalia nyuma.

"Sasa pale liliposimama," akasema, "alilipaki nani?"