Curtiss Wanayemtukuza Naye Alikuwa Fundi wa Mtaani

Huku jimbo la New York fundi wetu akiomba kazi, swali la kwanza ni cheti. Mtu kakulia kwenye magereji ya Gerezani, Dar es Salaam, akisikia mlio tu anajua valvu haikai sawa, lakini anapewa ufagio. Halafu nenda Hammondsport, jimbo hilohilo, ukaone jumba zima la makumbusho la Glenn Curtiss, muundaji wa pikipiki na ndege, aliyeishia darasa la nane!

Curtiss alizaliwa hapo mwaka 1878, akaanza na baiskeli. Injini yake ya kwanza aliiagiza kwa posta, ikaja vipandevipande, kabureta, ile ya kuchanganya petroli na hewa, haimo. Akachukua kopo la supu ya nyanya, akatia wavu ndani: petroli inapanda kwenye wavu, hewa inayovutwa na pistoni inapita na mvuke wake. Kopo halina boya la kushika kiwango cha petroli, kwa hiyo mchanganyiko unayumba kadiri petroli inavyopungua. Lakini injini iliwaka. Huo ni ufundi, na nyumbani tunao tele.

Januari 1907, Ormond Beach, Florida, alipanda pikipiki yenye injini ya V8 (silinda nane), nguvu za farasi 40, inayopozwa na upepo. Mkanda wa ngozi ungeteleza kwa nguvu ile, ndiyo maana alifunga shafti na gia hadi gurudumu la nyuma. Alifika maili 136.36 kwa saa, yaani kilomita 219. Wakati wa kurudi krosi ya shafti, yaani kiungo chake, ikakatika, fremu ikapinda, naye akasimama mzima. Tarehe 4 Julai 1908 akarusha ndege yake, June Bug, zaidi ya kilomita moja mbele ya umati, akatwaa kombe la Scientific American.

Sasa wewe unayetaka kuja kutengeneza ndege: usidharau karatasi kama mimi ninavyotamani zidharauliwe. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wanataka uzoefu wa miezi 18 kwa injini au kwa bodi ya ndege, miezi 30 kwa vyote viwili, kisha mitihani ya kuandika, ya mdomo na ya vitendo. Kiingereza lazima. Kabla hujapanda ndege, mwombe bosi wako barua yenye tarehe za kuanza na kuacha kazi, aina ya injini ulizoshika, na kazi yenyewe: kubadili silinda, kupima mgandamizo, kuweka majira ya magneto, ile inayotoa umeme wa cheche. Barua ya "alikuwa fundi mzuri" haitakusaidia kitu.