Nilivyotoboa shafti ya injini uani, bila kerezo

Kwanza kabisa: bolti ya milimita 8 haitobolewi tundu la 8! Naanza na hili kwa sababu fundi mmoja pale Mwanjelwa, mtu mzima mwenye grisi hadi kwenye nyusi, alinitazama usoni akaniambia, "Kaka, bolti namba nane, biti namba nane, kwisha kazi." Ningemsikiliza, bolti ingezama kama kijiko kwenye uji, isingeshika popote.

Nina injini ndogo ya petroli, hizi za Kichina za hp 6.5, inazungusha mashine ya kupukuchulia mahindi hapa Uyole, Mbeya. Puli ilikuwa inashikwa na kii, kile kipande cha chuma kinachokaa kati ya shafti na puli, pamoja na kaskrubu ka pembeni. Kila baada ya magunia kumi hivi inatambaa kuelekea nje, belti inaruka, na wateja wanakaa juu ya magunia yao wananiangalia. Nyingi za injini hizi huja na tundu la bolti mwishoni mwa shafti. Yangu ilikuja butu. Mwingine akasema nichomelee puli moja kwa moja. Sawa, na sili ya oili iliyo nyuma ya puli ikianza kuvuja, nipitie wapi? Wenye kerezo, ile mashine ya kuchongea vyuma, nao walitaka injini ifumuliwe yote shafti itoke, kwa bei iliyokaribia nusu ya injini.

Nikanunua seti ya tepu za M8, yaani vifaa vya kuchonga hesi (ile mistari inayoshika bolti) ya bolti ya milimita 8 ndani ya tundu dogo kidogo kuliko bolti, elfu kumi na kitu, na biti kadhaa.

Siku ya kwanza nilipiga alama ya senta katikati, nikashika drili kwa mkono, mpwa wangu akachutama pembeni kukagua kama nimenyooka. "Mjomba, inaenda kushoto." Nikamwambia anyooshe macho yake. Dakika mbili baadaye biti ya milimita 3 ikalia tik, nusu mkononi, nusu kwenye nyasi. Kashimo kenyewe kalikuwa nje ya katikati kwa milimita 2 nzima, hata kuku aliona. Sikumwomba dogo radhi, ila soda alinyweshwa.

Usiku, baridi ya Julai imenikunja chini ya blanketi, ndipo nikakumbuka: kwenye kerezo kinachozunguka ni chuma, biti imetulia. Sasa shafti yangu si tayari imelala kwenye beringi zake? Injini yenyewe ndiyo kerezo!

Asubuhi nikatoa plagi ili isibane hewa, nikafungua kava la kamba ya kuwashia, nikaweka soketi kwenye nati ya flaiwili (gurudumu zito lililo upande wa pili wa shafti) na kuifunga kwenye drili ya kuazima kwa jirani. Hiyo akashika mpwa, kazi yake kuzungusha taratibu. Drili yangu, ikiwa imezimwa, niliifunga kwa mipira ya tyubu juu ya ubao wa mlingoti, nikaipandisha kwa vipande vya mbao hadi ncha ya biti ikaelekeana na shafti. Ukiitazama shafti usoni, injini hizi huzunguka kinyume cha saa, na biti ya kawaida ikitulia inataka hivyo hivyo. Tena upande wa pili nati ya flaiwili inazidi kukaza badala ya kulegea. Niliyahakikisha haya kwa kuzungusha kidole hewani muda mrefu, mpaka mke wangu akauliza kama nina homa.

Kashimo ka aibu nilikafuta kwa grenda huku shafti inazunguka. Halafu utamu wenyewe: gusisha ncha ya biti kidogo tu. Kama haiko katikati, inachora kaduara. Unasogeza ubao unywele mmoja, kaduara kanapungua, unasogeza tena, mpaka kanakuwa nukta. Hapo nilipiga kelele jirani akachungulia ukutani.

Nikaenda na 3, kisha 5, kisha 7. Kipimo chenyewe cha tundu la tepu ya M8 ni 6.8, lakini nilizunguka vibanda vya Sido sikuipata, na 7 inashika vizuri. Usikubali 6.5, utavunjia tepu humo ndani na hapo ndipo utalia. Kina milimita 30, nimeweka alama ya selotepu kwenye biti. Sili nilikuwa nimeifunika kwa kitambaa chenye grisi, chembe za chuma zisiingie.

Kilainishi? Mafuta ya nguruwe, kutoka kopo la jikoni. Oili chafu ya gari iliunguza biti ikatoa moshi, lakini mafuta ya nguruwe yalitoa chuma kwa nyuzi ndefu zilizojikunja, na ua mzima ukanukia kitimoto. Tepu nilizungusha kwa mkono, nusu mbele, robo nyuma, nikifuta kila mara.

Bolti, washa nene, puli imekaa. Mpaka leo tumepukuchua msimu mzima haijasogea hata kidogo. Kopo la mafuta bado nadaiwa.