Makiri wa Lo-debari na Miguu ya Mrukaji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii neno lililonikaa moyoni halikutoka mimbarani, lilitoka kwa mdogo wangu. Wengi mnamfahamu, na mwenyewe ameniruhusu niandike haya. Tangu ile ajali ya bodaboda na kukatwa mguu, anaishi kwangu. Juzi jioni nilimkuta uani na kichupa cha pombe kali mkononi, nikaketi karibu naye kimya, maana yote niliyo nayo ya kusema kuhusu pombe ameshayasikia. Akaniuliza, "Dada, wale watu waliokuwa wanakuja hospitali, walikuja kuniona mimi au walikuja kuuona mguu?"

Sikupata jibu, na sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Mnakumbuka wodi ilivyojaa. Manesi walikuwa wanawaomba watu watoke nje waingie kwa zamu. Mchango ulikusanywa, kwaya ikaja ikaimba, kina mama wakaleta uji kila asubuhi. Ulikuwa upendo wa kweli, na Mungu awalipe. Lakini kidonda kilipofunga wageni walipungua, na alipoanza kutembelea magongo wakakoma kabisa. Sasa ndipo anapokunywa. Mimi kila alfajiri napiga magoti kumwombea, na wapendwa, kuna asubuhi naomba huku nina hasira, nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Mdogo wangu alipokuwa sekondari alikuwa mrukaji. Aliruka chini na miruko mitatu, akafika hadi UMISSETA, michezo ya shule za sekondari ya taifa. Ni yeye aliyenisimulia habari za João Carlos de Oliveira wa Brazili, akiwa na macho yanayong'aa, kama kijana anayemsimulia shujaa wake. Wiki hii nimezirudia habari hizo mwanzo hadi mwisho, na naomba mnivumilie nizisimulie, kwa sababu ule mwisho wake tunautazama kila siku katikati yetu bila kuuona.

João alizaliwa mwaka 1954 katika mji wa Pindamonhangaba, jimbo la São Paulo. Akaingia jeshini, na tarehe 15 Oktoba 1975, akiwa kijana wa miaka 21, alisimama kwenye uwanja wa Mexico City katika Michezo ya nchi za Amerika. Rekodi ya dunia ya miruko mitatu ilikuwa ya Viktor Saneyev wa Umoja wa Kisovieti, mita 17.44. Rekodi ya namna hiyo kwa kawaida husogea sentimita chache, tena kwa shida. João aliruka mita 17.89. Sentimita 45 kwa mruko mmoja! Wapo wanaosema hewa nyepesi ya mji ule ulio juu milimani ilimsaidia, na yawezekana, lakini wenzake wote walivuta hewa hiyohiyo. Katika michezo hiyohiyo akachukua na dhahabu ya kuruka chini, mita 8.19. Nchini kwao wakampa jina, João do Pulo, yaani João wa kuruka.

Mchezo huu wa miruko mitatu hauuhurumii mguu. Mrukaji huja mbio, huondoka ubaoni kwa mguu mmoja, hutua kwa mguu uleule, hutupa hatua na kutua kwa mguu wa pili, ndipo hujirusha mchangani. Uzito wote wa mwili na mbio zile zote hushukia mguu mmoja, kisha mwingine. Mrukaji anaijua miguu yake kama mwalimu wa kwaya anavyozijua sauti zake.

Mwaka 1976 alibeba bendera ya Brazili katika ufunguzi wa Olimpiki ya Montreal, akarudi na shaba. Mwaka 1979 kule San Juan, Puerto Rico, alishinda tena miruko mitatu na kuruka chini, na katika kuruka chini kijana wa miaka 18 aliyeitwa Carl Lewis aliambulia shaba. Olimpiki ya Moscow ya 1980 ilimwachia uchungu. Waamuzi walimwinulia bendera nyekundu, yaani mruko hauhesabiki, mara baada ya mara, akaishia kwenye shaba kwa mita 17.22, nyuma ya Jaak Uudmäe na Saneyev, wote wa nchi mwenyeji. Mpaka leo wapo wanaoamini alidhulumiwa. Hata hivyo hakuacha. Septemba 1981 alishinda Kombe la Dunia la riadha mjini Roma, mara ya tatu mfululizo.

Desemba mwaka huohuo gari lake likagongana na jingine barabarani. Madaktari waliupigania mguu wa kulia, mwishowe wakaukata.

Kilichofuata ndicho kinachonikosesha usingizi. João hakukata tamaa siku ileile. Alisimama, akagombea, akachaguliwa kuwa mbunge katika bunge la jimbo la São Paulo, akarudishwa kwa kipindi cha pili. Mtu akimtazama wakati ule angesema amevuka. Kisha siasa nayo ikaisha, pombe ikamshika, na tarehe 29 Mei 1999, siku moja baada ya kutimiza miaka 45, akafariki, ini lake likiwa limeharibika. Siku anayokufa hakuna Mbrazili mwingine aliyekuwa ameruka mbali kama yeye. Rekodi yake ya Amerika ya Kusini ilidumu mpaka 2007, Jadel Gregório aliporuka mita 17.90 mjini Belém, akimzidi kwa sentimita moja tu. Miaka minane mtu yuko kaburini na namba yake bado inaongoza vitabuni! Watu waliitunza namba.

Simhukumu. Hukumu ni ya Mungu aliyemuumba na miguu ile. Ila nikiwa nafikiri hayo yote nilikutana na Zaburi ya 147, ambayo tumeisoma mara nyingi tukipita haraka kuelekea zile haleluya za mwisho. Inasema Bwana hapendezwi na nguvu za farasi, wala haridhii miguu ya mtu. Huwaridhia wamchao, wanaozitarajia fadhili zake. Miguu, wapendwa! Neno limeitaja miguu yenyewe. Kile ambacho dunia nzima ilikipigia makofi Mexico City, sicho Mungu anachokitazama anapomtazama mtu. Mguu ukiondoka, machoni pake hakijapungua kitu.

Hilo tunalikiri. Swali ni kama tunaliishi.

Tumkumbuke Mefiboshethi, mjukuu wa mfalme Sauli. Alikuwa na miaka mitano yaya wake alipomdondosha wakikimbia, akawa kiwete miguu yote miwili. Sote tunapenda sura ya tisa ya Samweli wa Pili, pale Daudi anapomwita na kumketisha mezani pake. Tumeihubiri sana, na ni injili tamu. Lakini kabla Daudi hajauliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli, Mefiboshethi alikuwa wapi? Alikuwa Lo-debari, nyumbani kwa Makiri mwana wa Amieli.

Hebu tukae hapo kidogo. Makiri alimweka nyumbani kwake mjukuu wa mfalme aliyeanguka, mtu ambaye kumhifadhi kungeweza kumletea matatizo kwa utawala mpya. Hakuwa na faida ya kutarajia. Maandiko hayatuambii hata neno moja alilosema wakati huo. Kila siku kulikuwa na mtu wa kumsogeza Mefiboshethi kivulini, wa kumletea maji ya kuoga, wa kuvumilia siku zake mbaya. Na siku mbaya zilikuwepo, kwani alipofika mbele ya Daudi alijiita mbwa mfu. Mtu anayejiita hivyo mbele ya mfalme, nyumbani alikuwa anajiitaje? Makiri ndiye aliyeyasikia hayo, jioni baada ya jioni.

Na miaka baadaye, Daudi mwenyewe anapomkimbia mwanawe Absalomu, amefika Mahanaimu ana njaa na kiu na watu wake wamechoka, ni nani anayekuja na vitanda na mabakuli, ngano na shayiri, asali na siagi na kondoo? Makiri yuleyule wa Lo-debari, pamoja na wenzake. Alipokuwa Mefiboshethi ndiye aliyevunjika, Makiri alikuwepo. Alipovunjika mfalme, Makiri alikuwepo.

Kanisani kwetu kina Daudi tunao wengi. Tunajua kumwita mtu siku moja, kumketisha mbele, kumpiga picha, kumkabidhi bahasha. Ninachokitafuta ni kina Makiri. Tuambiane ukweli, kwa upendo: tunapenda ushuhuda wa mtu aliyetupa magongo. Huyo tunampa kipaza sauti. Lakini aliyeombewa na bado anatembelea magongo tunamwona kama anatuaibisha, kana kwamba maombi yetu hayakufika. Tunaanza kumkwepa. Wengine wamefika kumuuliza mdogo wangu ana dhambi gani aliyoificha. Wapendwa, hilo ni swali la wanafunzi kuhusu yule kipofu tangu kuzaliwa, na Bwana wetu alikwisha kulijibu katika Yohana 9. Tusilirudishe.

Na tukimwona ameanza kunywa tunapata sababu ya kutokwenda kabisa. Tunasema amemwacha Mungu. Mimi ninayeishi naye nawaambia, kabla hajaigusa chupa alikaa miezi akiwa anaisikiliza njia. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na geti, alikuwa anageuza kichwa. Sisemi hivi kuitetea pombe. Pombe ni adui, nimeona inavyokula mtu na nimesoma ilivyommaliza João, ambaye hata ajali haikummaliza. Ninachosema ni kwamba kile kiti tulichokiacha wazi kando yake, chupa ilikuja ikakikalia.

Kwa wewe unayesoma haya na wewe ndiye mwenye kichupa, neno langu ni fupi. Sikuhubirii. Ulichokuwa nacho kilikuwa cha kweli, na kukililia si dhambi. Hata Ayubu alilia. Lakini Bwana hakukupendea mguu, wala kazi, wala sauti ile uliyokuwa unaimbia, kwa hiyo hakuna ulichopoteza kinachoweza kumwondoa kwako. Usikae peke yako usiku. Mwambie mtu mmoja. Hospitalini nako wapo wanaosaidia watu kuacha pombe, na kwenda kwao si upungufu wa imani.

Sasa narudi kwetu sote. Jumapili hii baada ya ibada nawaomba viongozi wa vikundi tukae tuandike majina. Yule mama aliyepooza upande mmoja, ambaye nyimbo zake zote tunaziimba bado. Mzee wetu aliyekuwa mwinjilisti, ambaye sasa macho yamekwisha. Kijana wa vyombo aliyevunjika mkono. Kila jina lipewe watu wawili, na hao wawili wakubali kwenda mwaka mzima, hata pale ambapo hakuna habari mpya ya kuleta kanisani. Msibebe bahasha kila mara, kuna watu bahasha inawaumiza. Nendeni mkafue naye, mkapike, mkakae. Akiwa amelewa, kaeni naye akiwa amelewa, mrudi tena akiwa hajalewa.

Kwa mdogo wangu, nyumba iko wazi Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni. Bado anapenda riadha kuliko kitu chochote. Ukimuuliza namna ya kuhesabu hatua za kukimbilia ubao, atakueleza mpaka giza liingie, na atakuchorea mchangani kwa gongo lake. Wale vijana watatu mnaoruka shuleni, kwenu ninyi hasa ninaomba: njooni na viatu vyenu vya mazoezi, anahitaji watu wa kufundisha.