Taa ya LED ya kujitengenezea kwa betri ya laptop mbovu, chaji moja inapiga miezi miwili

Hii taa sio ya kumulika ukumbi wa harusi, niseme mapema. Ni ya kuonesha mlango ulipo, ya mama anayeamka saa nane usiku kunyonyesha, ya kwenda choo cha nje bila kukanyaga jembe. Kilichonifanya nihangaike nayo ni bibi yangu wa Makete kule Njombe, analala na koroboi pembeni ya blanketi, na ukimletea tochi ya dukani inawaka kaliii siku mbili tatu alafu basi, imekuwa mdoli wa watoto.

Tatizo la zile tochi wala sio betri peke yake, ni kwamba LED inalishwa kupita kiasi. LED nyeupe ya kawaida, ile ya milimita 5 yenye miguu miwili, imetengenezwa kwa miliampea 20, ila ukiipa miliampea 2 tu bado inawaka na chumbani unaona vizuri kabisa, maana jicho likishazoea giza halidai mwanga mwingi. Wengi hawaamini mpaka waone. Sasa piga hesabu: seli ya duara iliyo ndani ya betri ya laptop, ile inaitwa 18650, hata ikiwa imechoka ikabaki na mAh 1500 (yaani inaweza kutoa miliampea 1500 kwa saa moja), gawa kwa 2 ni masaa 750, ukiwasha masaa kumi kila usiku unaongelea siku 75. Kinachopunguza huo moto ni rezista ya omu 470, rangi zake njano, zambarau, kahawia. Ukitaka taa ya mtoto kusomea weka LED tatu, kila moja na rezista yake ya omu 100, usiziunganishe zote kwenye rezista moja maana LED hazifanani, moja itakunywa zaidi ya wenzake. Hiyo ya kusomea itakupa kama wiki mbili kwa masaa manne kila jioni.

Betri nilizipata kwa fundi wa laptop pale Mwanjelwa, Mbeya, ana boksi zima la zilizokufa, ukimwambia "fundi naomba hizo unazotupa" anakuangalia kama umerukwa na akili alafu anakupa. Mara nyingi laptop inakataa betri kwa sababu seli moja au mbili zimekufa, zilizobaki ni nzima. Ila hapa ndo pa kuwa makini, hii sio betri ya redio. Lithiamu ikipigwa shoti au ikitobolewa inawaka moto na maji ya kikombe hayakusaidii. Mimi nafungulia nje, kwenye udongo, ndoo ya mchanga iko karibu, watoto mbali. Nabana lile ganda la plastiki kwa koleo mpaka lipasuke kwenye maungio, sichokonoi na bisibisi hata siku moja. Vile vibati vinavyounganisha seli navikata kimoja kimoja kwa mkasi, viwili kwa pamoja ni shoti.

Kuna kitu wengi hawakijui. Ukiishika ile seli, chanya ni kile kichwa tu cha juu, bati lote lililobaki, kuanzia ubavuni mpaka ukingo unaozunguka kichwa, ni hasi. Kinachotenganisha ni ile ngozi nyembamba ya plastiki na pete ya karatasi. Ikichanika kidogo pale juu, waya wako ukigusa ukingo hapo ni shoti. Kwa iyo kila seli naikagua kama dada wa sokoni anavyokagua parachichi, iliyobonyea, yenye kutu au yenye majimaji haiingii ndani kwangu.

Alafu mita ya kupimia volti. Iliyo chini ya volti 2 sihangaiki nayo, hata kama chaja inaweza kuiamsha. Zilizobaki nazichaji moja moja mchana nikiwa nipo, nagusa gusa, ikipata joto nainyofoa na imefeli. Ikijaa inasoma 4.2, naiacha kama wiki mbili bila kuitumia, nikipima tena nikakuta imeshuka chini ya 4.0 imefeli pia, hiyo inavuja ndani kwa ndani. Hiki kipimo kinachosha ila ndo kinachonifanya nilale usingizi.

Kuchaji natumia kile kibao kidogo cha TP4056, ila chukua chenye ulinzi, yaani kinachokata umeme betri ikiisha sana au ikipigwa shoti, utakijua kwa matundu sita: IN mbili, B mbili, OUT mbili. Kina mdomo wa chaji ya simu, taa nyekundu inachaji, bluu imejaa. Betri inaenda B, LED na rezista yake zinaenda OUT, ukiipeleka LED kwenye B umeuruka ulinzi wote. Na usichomee risasi moja kwa moja kwenye seli, joto linaiharibu, nunua kile kikalio cha betri chenye waya zake tayari. Mguu mrefu wa LED ni chanya. Vyote vinaingia kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, swichi kwenye mfuniko, imeisha.

Kaufundi kamoja: LED hizi zinamulika duara dogo kama tochi, chukua msasa laini uisugue kile kichwa chake mpaka kiwe na ukungu, mwanga unatawanyika chumba kizima na hauchomi macho.

Kwa watu wa baridi sasa. Lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, inaharibika ndani bila wewe kuona, na Makete mwezi wa sita na wa saba sakitu inatanda asubuhi majani yote meupe. Kuwaka kwenye baridi haina shida, shida ni kuchaji. Bibi nimemwambia achaji saa sita mchana kwenye kile kisola chake, taa ikiwa ndani, sio alfajiri.

Nikampigia baada ya mda, kamwene bibi, taa vipi? "Mjukuu wangu hii taa haizimi, siku nyingine nasahau inakesha mpaka mchana." Sasa anataka nyingine ya banda la kuku. Seli ninazo, ila zilizofeli ni nyingi kuliko nilivyotegemea. Hizo nazifunga tepu nyeusi ya umeme kichwani na chini, namrudishia yule fundi aziunganishe na mzigo wake wa chakavu, maana shimo la taka la mtaani kwetu huwa linachomwa moto.