Mkono Uliobisha Hodi

Jumamosi hiyo ya mwaka 2013, kwenye ukumbi wa mtaa mmoja ulio karibu na Jogoo Road, Nairobi, tukiwa mazoezini ya taekwondo, nilichapwa pointi saba kwa bila na kijana tuliyemwita Konokono. Jina hilo lilimfaa. Kwenye pedi ya kupigia teke nilikuwa namaliza dolyo, yaani teke la kuzungusha, kumi za mguu wa mbele yeye akiwa bado kwenye ya sita. Lakini tulipovaa hogu, ile kinga ya kifua, tukasimama ana kwa ana, teke langu lilikuta hewa kila mara, na kabla mguu wangu haujagusa chini, wake ulikuwa umeshalia kwenye mbavu zangu.

Sabum, mwalimu wetu, hakunigombeza. Alituvua hogu, akatupa dakika tano za maji, akachora ngazi sakafuni kwa chaki: miraba minane, kila mmoja futi moja na nusu. Miguu miwili ndani, miwili nje, unasonga hivyo mpaka mraba wa mwisho, na hapo mwenzako anafunua pedi kushoto au kulia nawe unaipiga teke moja. Sekunde sita za kazi, dakika nzima ya kusimama, mara nane. Siku za kwanza nilidhani ile dakika ni huruma. Sivyo. Nguvu ya mlipuko iliyo ndani ya msuli huisha upesi, na kurudi kwake kunataka muda. Ukimwendesha mtu bila kumpumzisha, ikifika zamu ya nne miguu inaanza kujifunza uzito, na uzito nao ni somo linaloshika vizuri. Ndiyo maana Sabum alikuwa akimtoa mtu ngazini mara tu anapoona kishindo cha nyayo kimebadilika, hata kama zamu zake hazijatimia. Atakayetaka kujenga pumzi apewe kamba ya kuruka au ngazi za ghorofa, siku nyingine.

Jambo la pili alilokataza ni makofi. Wenye pedi wengi hupiga kofi au husema "haya!" ndipo teke litoke, na mazoezi yanapendeza kuyasikiliza. Tatizo ni kwamba mwili huitika sauti mapema kuliko unavyoitika kitu kilichoonekana: kwa sauti ni kama sekunde 0.15, kwa macho kama 0.2, na ukilazimika kuchagua kati ya kushoto na kulia unachelewa zaidi. Ulingoni hakuna mpinzani atakayekupigia kofi kwanza. Kumbe kasi yangu ya kwenye pedi, nusu yake ilikuwa ya mtu anayeitwa.

Hata hivyo makofi yalipoondolewa bado niliwapita wenzangu. Basi kwa nini Konokono ananiona?

Nilimwuliza mwenyewe. Akacheka. "Mimi sina mbio, ndugu yangu. Wewe unabisha hodi, nami nakupisha."

Sabum akaazima simu ya mmoja wetu, akaisimamisha juu ya kiti cha plastiki, akanirekodi nikimpigia Konokono dolyo tano. Simu ile ilikuwa ikichukua picha 30 kwa sekunde. Tukajikusanya watano juu ya kioo kilichopasuka, yeye akiisogeza picha baada ya picha kwa kidole. Mguu wangu bado uko chini, ila mkono wa kulia tayari unashuka kutoka kidevuni kwenda pajani. Picha moja. Mbili. Tatu. Bega linafuata. Kwenye picha ya sita ndipo kidole gumba cha mguu kinaachana na sakafu. Picha sita kati ya 30 ni sekunde 0.2, muda uleule ambao jicho la mtu linahitaji ili mwili uanze kuitika. Konokono hakuwa anakimbizana na mguu wangu hata kidogo. Alikuwa anausoma mkono.

Mimi nikaahidi kuushikilia mkono juu. Sabum akatikisa kichwa, akashuka kunitazama miguu. Mkono, alisema, hauna kosa, umetumwa. Nilikuwa nasimama nimejitanua karibu mabega mawili, uzito mwingi ukiwa mguu wa mbele, kwa sababu mkao huo unapendeza kwenye kioo. Ukisimama hivyo huwezi kuunyanyua mguu wa mbele mpaka kwanza uuvute mwili nyuma, na mkono unashuka kusaidia kuvuta. Ukifungwa mkono, kiuno kitashuka badala yake.

Akausukuma mguu wangu wa nyuma kwa ubavu wa kandambili yake, ukasogea ndani upana wa kiganja na zaidi. Uzito sawa kwa sawa. Sasa mguu wa nyuma unateleza mbele kidogo, unausukuma mwili wote, na wa mbele unakuwa mtupu wenyewe: goti linapanda wima kwanza, kiuno kinageuka, muundi unamalizia. Goti likianza kwa kuzunguka nje, teke linakuwa la mduara mrefu na linaangukia kiwiko cha mwenzako. Maumivu ya kupiga kiwiko kwa juu ya wayo anayajua aliyeyapata.

Halafu akakunja ukurasa wa Taifa Leo mara nne, akanibania chini ya kiwiko cha kulia. Teke kumi, polepole. Gazeti likaanguka mara nane. Kumi nyingine, kasi nusu: mara tano. Tulipofikia kasi kamili lilianguka mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nimerudi kujitanua bila kujua. Sikuwa mwepesi wa teke lenyewe kuliko asubuhi. Pedi ililia vilevile.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye mabati ya upande wa pili na mlinzi anachezesha funguo mlangoni tuliporekodi tena. Konokono alirudi nyuma teke mbili za kwanza. La tatu lilimkuta amesimama. Tukaihesabu hiyo: bega lilitangulia mguu kwa picha mbili tu. Nilitaka kupongezwa.

Sabum aliirudisha picha nyuma, akaikuza kwa vidole viwili.

"Kisigino cha nyuma kimelala," akasema. "Jumatatu pitia dukani, uokote vizibo viwili vya soda. Meno yakae juu."