Ulibonyeza nini?

Maneno mawili tu, na bado yananizunguka kichwani. Nikifumba macho nayasikia upya, kwa sauti ileile.

"Sijabonyeza kitu," nilimjibu mdogo wangu. "Laptopu imejisasisha yenyewe usiku. Asubuhi nimeikuta nzito."

"Haya. Lakini kabla ya hapo, ulibonyeza nini?"

Mnaonisoma siku zote mnamjua kitinda mimba wetu. Hana roho mbaya. Ndiye aliyeniandalia hii laptopu nilipoacha ofisi nikaanza kuhariri vitabu nyumbani, na ndiye ninayempigia chochote kikigoma. Angenifokea nisingejali. Kilichonichoma ni ile "haya" aliyoitanguliza, ya upole kabisa, kama mtu anayesubiri mtoto amalize kulia ndipo aseme ukweli. Jibu langu alilisikia. Hakulichukua.

Wiki hii Mama ametolewa nyuzi, mwanangu amehamia bwenini, mchapishaji amesaini mkataba wa kitabu cha pili, na mimi ninaosha vyombo nikiwaza "haya".

Kabla ya kukata simu aliniachia maagizo. Nizime, niwashe. Ikiendelea hivyo, nizuie masasisho kabisa, maana "hayo, Dada, hayana faida kwako".

Nikazima, nikawasha. Nzito vilevile. Ninaandika sentensi nzima, vidole vimeshatulia, ndipo herufi zinaanza kutokea moja moja. Kishale kinaganda, kisha kinarukia upande wa pili wa skrini. Na mswada wa watu unatakiwa Jumatatu.

Usiku, Mama alipolala, nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Windows linafunguka dirisha linaloorodhesha kila programu inayoendelea na kiasi cha mashine inachotumia. Hapo hasira ikaanza kunitoka, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kutazama. Prosesa, ubongo wa mashine, haikuwa na kazi kubwa. RAM, kumbukumbu yake ya muda, ilikuwa na nafasi. Safu ya diski iliandika 100% na haikushuka.

Ukibofya kichwa cha safu hiyo, orodha inajipanga na walaji wakubwa wanapanda juu. Wa kwanza ilikuwa huduma inayomalizia kufunga sasisho. Ikafuata antivairasi, inakagua faili upya, kisha huduma ya utafutaji inayopitia hati zote ili ukitafuta neno ulipate haraka, kisha ile programu inayopeleka nakala za kazi yangu kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Kwa hiyo mfumo ukisema sasisho limekamilika, maana yake ni kwamba unaruhusiwa kuingia. Kazi za nyuma bado zinaendelea, kwa saa kadhaa, pengine hata siku nzima au zaidi. Kila mojawapo ina sababu yake na wala sina ugomvi nazo. Shida ni kwamba zote zilikuwa zinaidai diski moja kwa wakati mmoja, na diski yangu ni ya zamani, ya kuzunguka.

Hili lilinivutia mpaka nikasahau kulala. Diski ya namna hii kwenye laptopu kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Piga hesabu: mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 hivi. Faili zikiwa zimetawanyika, kichwa cha kusomea kinahama, kinasubiri sehemu inayotakiwa ipite chini yake, kinasoma kidogo, kinahama tena. Kwa kazi ya namna hiyo diski inaitikia maombi kama 50 hadi 100 kwa sekunde, basi. SSD, diski ya kisasa ya chipu, haina kinachozunguka wala kinachohama, na hata ile ya kawaida inaitikia maelfu. Ndiyo maana mtu mwingine hupokea sasisho lilelile, usiku uleule, na asihisi chochote.

Kisha nikaona jambo la pili. Kwenye ukurasa wa utendaji, upande wa prosesa, kuna saa inayohesabu tangu mashine ilipoanza. Yangu ilikuwa inahesabu tangu usiku wa sasisho, ingawa nilikuwa nimezima na kuwasha kama nilivyoagizwa! Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna uwashaji wa haraka: ukichagua kuzima, kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski, na ukiwasha kinarudishwa kama kilivyokuwa. Ni ukichagua kuwasha upya ndipo kila kitu kinaanza mwanzo. Watu wengi hudhani kuzima ndiko kunakosafisha zaidi, kumbe ni kinyume chake. Nilifurahi, nasema kweli. Nilifurahi peke yangu saa ile ya usiku, nikatamani kumwamsha mtu nimwonyeshe.

Nikawasha upya. Nikasimamisha programu ya wingu mpaka asubuhi, nikachomeka chaji, nikaiwekea isisinzie, nikaiacha. Huduma ya utafutaji hujipunguza mtu anapotumia mashine na huongeza kasi anapoondoka, kwa hiyo kukaa mbele yake ukiisukumasukuma ni kuichelewesha. Kulipokucha diski ilikuwa imeshuka, na herufi zinatokea ninapozibonyeza. Kwa kujihakikishia nikafungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, nikaandika sfc /scannow, amri inayokagua faili za mfumo. Haikukuta iliyoharibika.

Folda ya Windows.old nimeiacha. Ni mfumo uliokuwepo kabla ya sasisho kubwa, unatunzwa kwa siku 10 ili ukitaka kurudi nyuma uweze. Inakula gigabaiti nyingi, lakini itaondoka yenyewe, na mimi napenda kuwa na njia ya kurudi.

La kuzuia masasisho silifuati, na hapa natamani mdogo wangu anisikilize. Mei 2017, WannaCry, programu ya wahalifu inayofunga faili na kudai fidia, ilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, na wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Tundu iliyopitia lilikuwa limeshazibwa na sasisho la Machi 14 mwaka huohuo. Dawa ilikuwepo kwa karibu miezi miwili na mashine nyingi hazikuwa zimeipata. Mimi humu nina miswada ya watu ambayo bado haijachapishwa. Uzito wa siku moja nauvumilia. Nilichofanya ni kuweka saa za kazi kwenye mipangilio, ili isijiwashe upya nikiwa katikati ya ukurasa, na malipo ya kitabu yakiingia nitabadilisha diski.

Jana alipiga kumjulia hali Mama. Mwishoni akauliza, "Na mashine, Dada?"

"Iko sawa."

"Si nilikuambia? Zima, washa."

Nilikuwa na kila kitu mdomoni: ile saa, milisekunde 11, huduma zote kwa majina. Nikasema asante. Tangu hapo naurudia mwisho huo pamoja na ule wa kwanza, na kila mara naweka jibu lingine. Angeniuliza tu, "Inafanya nini?", tungelifungua lile dirisha pamoja, yeye kwenye simu na mimi mezani, na usiku ule nisingekuwa na furaha isiyo na wa kumpa. Nimeanza kumwandikia ujumbe. Unakuwa mrefu, naufuta, naanza tena. Nadhani nitautuma, kwa sababu ya WannaCry kuliko kwa sababu yangu, maana najua kwake amezuia masasisho, na humo ndimo zilipo picha zote za Baba.

Kuhusu Mama: kidonda kimefunga vizuri, asanteni mliouliza. Ila jana usiku nimemkuta sebuleni bila mkongojo, anahakikisha mlango umefungwa. Mlango niliufunga mbele yake, na funguo nilimkabidhi mwenyewe. Juzi pia aliniuliza mjukuu wake amechelewa wapi, wakati tulimsindikiza bwenini pamoja. Yameanza baada ya zile dawa mpya za maumivu. Kesho asubuhi nampigia daktari, kabla sijafungua mswada.