Nipigie Picha ya Mlango Wetu

Nimerudi kupiga picha. Najua kila mtu mjini ana simu na kila simu ina kamera, na harusi moja ya Mombasa siku hizi hutoa picha nyingi kuliko tulizopigwa sisi utoto mzima. Hizo sizigombi. Mimi nasema ile picha unayoiamkia alfajiri, ukaifuata kwa miguu, na ukishaipata unajua utampa nani.

Huyo wa kupewa ndiye aliyenirudisha. Sisi wasichana wa miaka ya 1990 tulipeana picha. Likoni, karibu na feri, palikuwa na vibanda vya wapiga picha walioning'iniza nyuma yako mandhari ya kuchora: meli, ndege, maghorofa ya nchi za watu. Unavaa nguo ya sikukuu, unasimama mbele ya ndege, halafu unarudi siku nyingine kuchukua picha zikishaoshwa. Kopi moja yako, nyingine za mashoga, yaani rafiki zako wa kike, na nyuma unaandika kwa kalamu: "Ukumbusho kwa mpenzi rafiki. Ukinikumbuka nitazame." Mama zetu walifanya vivyo hivyo kabla yetu. Kwenye makabati ya Mji wa Kale mpaka leo zimo picha za miaka ya 1950 na 1960 kutoka Studio ya Parekh, watu wamekaa wima, mwanga umewaangukia upande mmoja wa uso, macho yametulia. Ninazo za mama. Ukizigeuza nyuma ndipo unapojua zilikuwa za nani.

Kamera yangu ni Canon ya mkono wa pili, nimeinunua kwa mpwa wangu aliyehamia kwenye simu. Lenzi yake ni ya milimita 50, haivuti karibu wala haisukumi mbali. Ukitaka kukaribia, tembea. Naipenda kwa hilo, maana ukimkaribia mtu ni lazima umsalimu.

Kwa hapa petu kinachomaliza kamera ni koga. Hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na lenzi ikifungiwa kabatini ndani ya mfuko wa ngozi huota utando mweupe kwenye kioo cha ndani, mahali ambapo hakuna kitambaa kinachofika. Ule mfuko wenyewe ndio unaohifadhi unyevu. Mimi naiweka kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na kila baada ya siku chache naitoa ipate mwanga. Na ukitoka chumba chenye AC, iache mkobani kwanza mpaka izoee joto la nje, la sivyo kioo kitajaa mvuke na wakati utakuwa umekupita.

Mwanga wa huku una tabia zake. Tuko nyuzi nne kusini mwa ikweta, jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na hata miezi mingine saa sita mchana kivuli hujikunja miguuni na macho ya mtu yakawa mashimo meusi. Basi mimi hutoka baada ya sala ya alfajiri nikaanzia upande wa bahari wa Fort Jesus. Jua la kwanza hupiga ule ukuta wa matumbawe, ulioanza kujengwa 1593, likapita juu yake kimshazari na kila tundu na kila ufa ukaonekana. Halidumu. Likishapanda naingia vichochoro vya Mji wa Kale, Ndia Kuu mpaka Kibokoni, na hapo ndipo raha yenyewe ilipo: nyumba zimesongamana, kuta zimepakwa chokaa, jua hugonga ukuta wa juu upande mmoja, likarudi upande wa pili, likafika chini limeshapoa. Mtu aliyekaa barazani saa nne asubuhi uso wake unang'aa na wala hakunji jicho. Ila kamera hudanganyika na chokaa. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikapunguza, na uso wa mtu mweusi ukazama gizani. Mimi naiongezea mwanga, hatua moja nzima. Ukuta ukipotea na upotee, niliyemjia ni mtu.

Biashara Street ndiko ninakokaa zaidi. Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vimeshikana, na ukishanunua unaipeleka kwenye cherehani hapo hapo nje, fundi akakata katikati na kukupindia huku unasubiri. Nilimwendea mzee mmoja.

"Sabalkheri mzee wangu. Naomba nikupige picha, mikono tu."

"Sabalkheri mwanangu. Mikono tu, kwani uso una nini?"

Nikampiga vyote, lakini ya mikono ndiyo niliyoiosha. Kidole gumba cha kushoto kimebana pindo, ukucha wake umelika upande mmoja kwa kusuguana na kitambaa. Uzi mwekundu umekazika kutoka kwenye kibiringo hadi kwenye sindano. Jina la leso, yale maneno yaliyochapwa juu yake, limepita chini ya mguu wa cherehani, na kinachosomeka ni SUBIRA YA, basi, mengine yameingia kwenye mkunjo. Nilimpelekea kopi ya inchi nne kwa sita. Aliitazama muda mrefu, akaibandika ukutani juu ya cherehani, kisha akaniomba nyingine ya kumpelekea dadake Lamu.

Kuhusu ruhusa sina mjadala. Mwanamke akitikisa kichwa, kamera inashuka. Za ndani, za hina na za kesha, hazitumwi kwenye simu hata moja. Zinaoshwa na kupelekwa kwa mkono kwa wenyewe. Na kwenye feri na pande za bandari siitoi mkobani.

Kundi letu liko WhatsApp: mashoga zangu wa skuli, shemeji yangu, na huyo mpwa. Kila Ijumaa baada ya isha kila mtu anatuma picha moja. Moja tu, ndiyo sheria, kwa sababu kuchagua ndiko kunakokufundisha. Tunazituma kama dokumenti, maana ukiituma kama picha ya kawaida hubanwa njiani na ule uzi mwekundu hauuoni tena. Na mtu akishatuma, wengine hatuandiki "mashallah, nzuri" tukanyamaza. Sema umeona nini. Shemeji aliniambia jicho lake lilikwenda kwenye ukucha kabla ya kitu kingine chochote, nami nikajua nilisimama mahali pake.

Mmoja wetu yuko Muscat. Kaolewa huko, na ni siku nyingi hajarudi. Yeye hatumi, huagiza. Siku moja akaandika: "Nipigie picha ya mlango wetu."

Nyumba ya mamake Kibokoni ilishauzwa. Mlango wa nakshi ulitolewa, na sasa pana geti la chuma la rangi ya buluu. Shemeji alisema nisimvunje moyo, nimtafutie mlango mwingine unaofanana, iko mingi ya nakshi mjini, hatatambua. Nilikataa, na mpaka leo naona nilikuwa sawa. Mtu aliyeagiza picha ya kwao hapewi ya kwa jirani.

Nikampigia geti lote, moja kwa moja, bila kulipamba. Kisha nikainama, kwani niliona kizingiti hawakukigusa. Ni kile kile cha zamani, kimelika katikati kwa nyayo za watu, na pembeni kuna tundu la duara ulipokuwa ukizungukia mlango, maana milango ile haikuwa na bawaba, ilizunguka kwa ncha yake mwenyewe. Tundu limejaa vumbi na kipande cha karatasi ya peremende. Nilipiga na karatasi yake, sikuiondoa.

Nilituma zote mbili, nikaongeza maneno machache kumweleza lile geti. Hakuandika kitu. Alipiga simu usiku, na geti hakulitaja kabisa. "Lile tundu, shoga yangu! Si tulikuwa tukilitia mafuta ya nazi mlango usilie, tukirudi harusini usiku, mama asiamke?" Nilikuwa nimesahau. Nilimshikia chupa mimi mwenyewe, yeye akimimina, na nilikuwa nimesahau. Tulizungumza mpaka chaji ya simu yake ikaisha. Ukiipeleka picha ile kwenye mashindano itatupwa, haina mwanga wa maana na upande wa juu umekatwa na chuma. Kwangu ndiyo bora kuliko zote nilizopiga tangu nirudi.

Sasa ameagiza nyingine: wavua pweza wakiwa mwambani Nyali, na jua la asubuhi. Agizo hili ni gumu kwa sababu ya maji. Mwamba hutoka wazi siku za bamvua, yale maji yanayojaa na kukupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, lakini bamvua ya pwani yetu hukupwa mpaka mwisho mnamo saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali na maji yote yanamulika machoni. Siku ambazo maji hukupwa alfajiri, mwanga ukiwa laini, ni siku za maji mafu, yasiyokupwa sana, na mwamba hubaki chini. Mvuvi mmoja amenishauri nisingoje bamvua ikomae. Niende mwezi wa angani ukiwa na siku kumi na mbili, maji yakupwe kama saa mbili hivi, nipate mwamba nusu na mwanga nusu. Shemeji atakuja, mpwa pia. Tunakutana ufuoni saa moja.